Jina la Mgombea na Wimbi la Chama: Viti vya Bunge na Wadi katika Uasin Gishu

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya elimu ya uraia, Plateau



Nimeombwa nieleze ni nini humpa mtu kiti katika kaunti yetu: jina lake au chama chake. Nitajibu mapema tusizungushane. Kwenye uchaguzi mkuu wa Agosti chama ndicho huamua. Kwenye mchujo wa chama huamua jina. Na kwa kuwa kwetu viti vingi hupatikana kwenye mchujo, elimu yetu ya uraia imekuwa ikifika wakati shughuli imekwisha.

Mtazameni mpiga kura siku ya uchaguzi mkuu. Anapewa karatasi sita: nyeupe ya rais, ya buluu ya gavana, ya manjano ya seneta, ya zambarau ya mwakilishi wa wanawake, ya kijani ya mbunge, na ile iliyofifia rangi ya mwakilishi wadi. Nyuma yake foleni imefika hadi langoni. Karatasi ya rais haimpi shida. Akifika ya sita, picha zimejipanga na nusu ya sura hizo hazijui. Basi anatafuta alama ya chama, anatia tiki, anaendelea. Hiyo ndiyo “suti” inayohubiriwa kwenye kampeni, kuanzia rais hadi mwakilishi wadi. Tusidhani ni uvivu wa Mkenya. Jimbo la Texas, Marekani, lilikuwa na nafasi kwenye karatasi ya kura ambapo alama moja ilimchagulia mtu wagombea wote wa chama chake, na haikuondolewa hadi mwaka 2020. Mtu asiyemjua mgombea humtambua kwa chama.

Hapa kwetu wimbi limebadili jina tu: ODM mwaka 2007, URP mwaka 2013, Jubilee mwaka 2017, UDA mwaka 2022. Kila mara limefuata mahali aliposimama William Ruto, aliyekuwa mbunge wa Eldoret Kaskazini tangu 1997. Mwaka 2022 alipata zaidi ya robo tatu ya kura za urais katika kaunti hii.

Wimbi hilo halijali ukubwa wa jina. Katika Bonde la Ufa hakuna jina lililojulikana kuliko Moi, lakini mwaka 2007 wana watatu wa rais huyo mstaafu walianguka siku moja: Gideon Baringo ya Kati, Raymond Rongai, Jonathan Eldama Ravine. Nicholas Biwott, mwandani wa Moi, naye akapoteza Keiyo Kusini. Atakayesema jina halina kazi kabisa, nitamkumbusha kwamba Gideon alirudi mwaka 2013 na kutwaa useneta wa Baringo kwa tiketi ya KANU, URP ikiwa na nguvu zake zote, akautetea mwaka 2017. UDA ikaja kumwangusha mwaka 2022. Na jina likikutana na chama, mambo huwa mepesi. Waziri Kipkalya Kones na mbunge mwenzake Lorna Laboso walipofariki katika ajali ya ndege Juni 2008, chaguzi ndogo za Bomet na Sotik zilichukuliwa na Beatrice Kones, mjane wa waziri, na Joyce Laboso, dada yake Lorna. Wote wawili walisimama na ODM.

Mfano ninaoutegemea zaidi uko karibu, Kesses. Dkt. Swarup Mishra alizaliwa India, akajulikana hapa kwa hospitali zake, wenyeji wakampa jina la Kiprop. Mwaka 2017 alichaguliwa mbunge kwa tiketi ya Jubilee. Mwaka 2022 alisimama kama mgombea huru, akashindwa na Julius Rutto wa UDA. Hospitali zilikuwa zile zile na jina lile lile. Alama kwenye karatasi ndiyo iliyobadilika. Kwenye ugavana, Zedekiah Bundotich, Buzeki wetu, mfanyabiashara asiyehitaji kutambulishwa, alijaribu mara mbili nje ya chama cha wimbi. Mwaka 2017 alishindwa na Jackson Mandago, mwaka 2022 na Jonathan Bii, “Koti Moja”.

Ainabkoi ilitoa jibu tofauti. Mwaka 2017 William Chepkut, mgombea huru, alimshinda Samuel Chepkonga wa Jubilee aliyekuwa mbunge. Ainabkoi ina wadi tatu tu, na katika eneo dogo kama hilo mtu anaweza kuzunguka mazishi, harambee na masoko hadi kila boma limjue. Tena kumchagua yeye hakukumnyima mtu nafasi ya kumpigia kura rais amtakaye. Wanaopuuza jambo hili wanakosea hesabu: wimbi huwa na nguvu zaidi mahali ambapo mgombea hajulikani kwa sura. Hata hivyo, mwaka 2022 Chepkonga alirudi bungeni, safari hii na UDA.

Mipaka nayo ina neno. Mwaka 2012 Eldoret Kaskazini, Mashariki na Kusini ziligawanywa kuwa maeneo bunge sita, yenye wadi 30. Wadi za mjini za Langas, Huruma na Kapsoya zina watu wa jamii nyingi, na chama kimoja hakiwezi kujilaza usingizi huko kama kinavyofanya mashambani. Katiba inataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12, na muda huo uliisha Machi 2024. Kata itakayohamishwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine inaweza kumtoa mtu kitini kabla hajafungua mdomo kwenye kampeni.

Turudi kwenye mchujo. UDA ilifanya wake tarehe 14 Aprili 2022, miezi minne kabla ya uchaguzi. Siku hiyo wagombea wote wana alama moja, kwa hiyo suti haimsaidii mtu. Hapo ndipo mwenye jina, mwenye pesa na mwenye rekodi hupimana. Wengi wetu hubaki shambani wakisema watangoja uchaguzi wenyewe.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Ombi langu kwa waandaaji ni kwamba semina kama hii ifanyike kabla ya mchujo, na tarehe na vituo vyake vitangazwe kwenye baraza la chifu, makanisani na mahali pa kupokelea maziwa. Nanyi mliofika leo, mkiwa wanachama wa chama chochote, hakikisheni majina yenu yamo katika daftari lake mapema, kisha siku ya mchujo mjitokeze.