Mashujaa Tuliowaacha na Tuliowapata



Tulipokuwa watoto katika Mji Mkongwe, shujaa wetu alikuwa Hanuman. Bibi zetu walitusimulia kwa Kigujarati jinsi alivyoiruka bahari hadi Lanka, na jinsi alivyobeba mlima mzima kwa sababu hakuitambua dawa aliyotumwa. Nasi tukaruka kutoka barazani, tukachubuka magoti.

Kisha zikaja Majestic na Cine Afrique. Kwa ajili ya filamu ya Sholay ya mwaka 1975, kila kijana, awe wa Kihindi, wa Kiarabu au wa Kiswahili, alitaka kuwa Amitabh Bachchan, ingawa ndiye anayekufa.

Leo, umri umesogea, na tunapoirudia Ramayana macho yetu hutua kwa Bharata. Utotoni tulisinzia ilipofika zamu yake. Mama yake alimtakia ufalme, na Rama, mwenye haki, akapelekwa msituni miaka 14. Bharata alimfuata kumsihi arejee. Rama alipokataa, Bharata alichukua mitalawanda ya kaka yake, akaiweka juu ya kiti cha enzi, naye akatawala kwa niaba, akiishi nje ya mji kama fukara. Hakuruka bahari yoyote. Alitunza amana, basi.

Na watu wa namna hiyo tumewaona kwa macho yetu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi zetu zilihamia Dar es Salaam, India na Uingereza, hatuwalaumu. Wapo waliobaki, wakawasha taa ya hekalu kila magharibi, hata pale waumini walipohesabika kwa vidole. Wapo pia majirani Waislamu walioachiwa funguo za nyumba, wakafagia ua na kuziba paa lililovuja, hata mwenyewe aliporudi akakuta kila kitu mahali pake. Hao hawakupigwa picha, wala majina yao hayamo katika kitabu hiki.

Sasa watoto wetu wako Leicester na Toronto, na wawashaji taa wetu wawili wamepita miaka 70. Daftari la zamu liko mezani kwa Katibu. Jumatano na Ijumaa bado hazina mtu.