Raba za Mtoto Anayekimbia Milimani

Kama una kazi mkononi endelea nayo tu, mradi sikio liwe hapa.

Leo tunazungumza juu ya raba za mtoto anayekimbia. Sisemi viatu vya Jumapili. Nasema raba za yule mtoto aliyechaguliwa kukimbia mbio za nyika shuleni, na ambaye kila asubuhi anakimbia pia ili asichelewe gwaride. Huku kwetu Elgeyo-Marakwet, safari moja ya shule ina ardhi za kila namna. Atatoka nyumbani kwenye matope, apite murram yenye kokoto, akanyage lami kidogo, kisha ateremke njia ya mawe. Walio chini kwenye bonde la Kerio wanaongezewa miiba ya migunga.

Najua kuna mzee atakayesema, "Sisi tulikimbia miguu mitupu na tukashinda." Ni kweli, mzee wangu. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki kule Roma mwaka 1960 bila viatu. Lakini Tokyo mwaka 1964 alivaa viatu, na akashinda tena. Mguu mtupu wenyewe hauna kosa. Taabu ni kile kilicho ardhini: msumari, kigae cha chupa, mwiba, funza. Mtoto akidungwa na kitu kichafu kikaingia ndani, pepopunda inaweza kufuata. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zina kinga yake, lakini kinga hiyo hupungua miaka inavyokwenda. Kwa hiyo kidonda cha kudungwa kioshwe kwa maji safi na sabuni, na mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Sasa twende sokoni. Wengi wetu tunanunua mitumba, na sioni haya kusema kwamba raba nzuri ya mtumba inaweza kuishinda mpya ya bei rahisi. Shida ni kwamba siku ya soko mtoto yuko shuleni. Basi fanya hivi. Jioni, wakati mguu umevimba kidogo kwa shughuli za siku, msimamishe mtoto juu ya katoni akiwa amevaa soksi. Chora mguu mmoja, kisha wa pili, kwa maana mara nyingi mmoja huwa mkubwa. Kata ile katoni uende nayo. Ukiiingiza ndani ya kiatu ilale bapa bila kujikunja pembeni, na mbele ibaki nafasi ya sentimita 1 hivi. Usiamini nambari. Kiwanda hiki kina nambari zake na kile kina zake.

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Tunapenda kununua kubwa tukisema atakua nayo, kisha tunajaza karatasi mbele. Kwa kiatu cha kukimbia mlimani hiyo ni hatari. Mguu unaogelea ndani, kisigino kinasuguliwa mpaka kinatoa malengelenge, na kwenye jiwe mguu unakwenda huku kiatu kikienda kule. Hapo kifundo kinateguka. Kiatu kidogo nacho kina ubaya wake, na utauona kwenye mteremko. Mtoto akishuka, vidole vinagonga mbele kila hatua, na kucha zinageuka nyeusi. Ukiona kucha nyeusi kwa mtoto anayekimbia, kagua kiatu kwanza, kabla hujafikiria dawa.

Geuza kiatu uangalie soli. Meno marefu yaliyoachana yanashika matope vizuri, lakini kwenye lami na mawe yanamtikisa mtoto na yanaisha upesi. Soli laini kabisa inafaa lami, ila kwenye nyasi zenye umande ni kama sabuni. Mtoto wetu anapita kote, kwa hiyo tafuta meno ya katikati, milimita 3 hadi 5, kama sarafu mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Njumu za mpira ziache uwanjani.

Kisha weka jozi mezani uitazame kwa nyuma. Ikiwa imelala upande mmoja, aliyeivaa kwanza aliikanyaga hivyo, na mtoto wako atalazimishwa kuifuata. Rudisha. Bonyeza sehemu ya kisigino kwa nyuma, iwe ngumu. Kunja kiatu: kikunjike pale vidole vinapokunjika. Kikikunjika katikati kama chapati, hakina nguvu ya mawe. Walio na miiba wabonyeze soli kwa kidole gumba. Ile ya sifongo tupu mwiba unapita. Wauzaji watanisamehe, lakini mama ana haki ya kukagua.

Usivutwe na raba zisizoingiza maji. Anayevuka mto maji yataingia kwa juu, na yakishaingia hayatoki. Kitambaa chenye matundu madogo kinakauka upesi. Kausha raba kwenye upepo ukiwa umezijaza magazeti, si kando ya jiko, maana moto unaachanisha gundi. Za mtumba zioshe kwa sabuni, hata ndani, zianikwe juani mpaka zikauke kabisa kabla ya kuvaliwa, kwa sababu ya fangasi.

Akizivaa, kamba zifungwe mpaka tundu la mwisho, kisha mtembeze kwenye mteremko ulio nyuma ya nyumba. Muulize vidole viko wapi. Na umuulize kwa upole, mama. Mtoto anayejua ulivyouza kuku ili apate raba hatakuambia kwamba zinambana. Atavumilia. Atachechemea akiwa mbali nawe, na akifika nyumbani atatembea sawasawa. Nimefungua soksi za watoto wa namna hiyo kliniki, na kidonda kimeshatunga usaha. Kwa hiyo usingoje kuambiwa. Jumamosi akioga, shika miguu yake mwenyewe, tazama visigino, kucha na katikati ya vidole. Kila baada ya miezi mitatu toa ile katoni umsimamishe tena juu yake. Mguu ukiipita, raba zipewe mdogo wake, kama nazo hazijalala upande, na kama katoni yake yeye inaingia.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya funza na namna ya kuwatoa bila kumwumiza mtoto. Kwaherini.