Bahasha ya Mtihani na Mzazi wa Kenani



Liko jambo moja ambalo halina ngoma wala tarumbeta, lakini kila mwaka huzikosesha usingizi nyumba nyingi, za maofisa na za askari wa kawaida, za mjini na za shamba. Jambo hilo ni kungoja matokeo ya mtihani wa mtoto. Mtoto mwenyewe amekwisha kuweka kalamu chini, naye amerudi kwenye mpira wake au kwenye kazi za nyumbani. Mzazi ndiye anayebaki na mtihani kifuani. Huulizia habari kwa jirani, husogeza redio karibu, na kila lori litokalo wilayani hulitazama kana kwamba limebeba majibu yake.

Hapa Tanzania watoto wa darasa la saba hufanya mtihani mwezi wa Septemba, na Januari inayofuata waliochaguliwa huanza kidato cha kwanza. Mzazi hangoji tu kujua kama mtoto amefaulu. Hungoja pia kujua amepangiwa shule gani. Shule za serikali za vipaji maalumu, kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na zile mbili za Tabora, zina nafasi chache, na watoto wanaozitamani ni wengi. Penye mlango mwembamba na watu wengi, hapakosi wasiwasi.

Leo tunapenda kuutazama wasiwasi huo kutoka mahali palipo mbali kidogo na sisi, lakini ambapo Kiswahili chetu kinasikika. Mahali hapo panaitwa Kenani, katika Wilaya ya Nchelenge, Jimbo la Luapula, kaskazini mwa Zambia. Nchelenge iko ukingoni mwa Ziwa Mweru, upande wa mashariki. Ng'ambo ya maji ni Katanga ya Kongo, na huko uko mji uitwao Kilwa, wenye jina sawasawa na Kilwa yetu ya Kusini. Wavuvi wa pande zote mbili wamevuka maji hayo tangu zamani, wakiuziana samaki na kuoana.

Mwaka 2017 waliovuka hawakuwa wavuvi. Maelfu ya watu waliingia Zambia wakikimbia mapigano ya majimbo ya Tanganyika na Haut-Katanga, ambako jamii za Waluba na Watwa zilikuwa zimegombana vikali, na jeshi la serikali likipambana na makundi ya wanamgambo. Serikali ya Zambia, ikishirikiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, ikafungua kituo cha mapokezi pale Kenani. Mwanzoni mwa mwaka 2018 familia zilianza kuhamishiwa makazi mapya ya Mantapala, katika wilaya hiyo hiyo, ambako zilipewa viwanja vya kujenga na ardhi ya kulima, na ambako ilikusudiwa wenyeji na wageni watumie huduma kwa pamoja.

Sasa tumfikirie mzazi aliyepitia Kenani. Nyumba aliiacha. Shamba aliliacha. Ng'ambo ya ziwa pengine alikuwa mwalimu, au fundi wa mitumbwi, au mwenye duka. Upande huu ni mkimbizi mwenye namba. Katika vyote alivyokuwa akitarajia kumrithisha mwanawe, kilichobaki ni kimoja tu, nacho ni elimu. Ndiyo sababu mtu wa namna hiyo anapongoja matokeo, kungoja kwake ni kuzito kuliko kwetu. Sisi mtoto akikosa shule moja, tuna kiwanja, tuna ng'ombe, tuna mjomba mjini. Yeye hana mjomba.

Tena mtoto wake ameufikia mtihani kwa njia ndefu. Kongo alianza kusoma kwa Kiswahili, akaingia katika Kifaransa. Alipofika Luapula akakuta Kibemba katika madarasa ya chini na Kiingereza katika mtihani. Hesabu alizozijua vema ng'ambo ya ziwa zikageuka fumbo, kwa kuwa swali lenyewe limeandikwa kwa lugha asiyoijua. Katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, watoto wa Kikongo walisomeshwa kwa mtaala wa kwao na kwa Kifaransa, kwa tumaini la kurudi. Zambia iliamua watoto wa wakimbizi wafuate mtaala wa nchi. Njia zote mbili zina faida na taabu zake. Kwa mtoto wa Mantapala maana yake ni kwamba amewekwa kwenye mzani mmoja na mtoto mwenyeji wa Nchelenge, na wazazi wao wawili hungoja habari moja.

Nao wenyeji wa Luapula wana haki ya kuhangaika. Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, nchi nzima ilikuwa na wananchi wapatao mia moja tu waliokuwa na shahada ya chuo kikuu. Wazazi wa wakati ule walilisikia jambo hilo kama jeraha. Chuo Kikuu cha Zambia kilipotakiwa kujengwa, watu wa kawaida walichanga fedha, na wasiokuwa na fedha wakatoa mahindi na kuku, nacho kikaanza kufundisha mwaka 1966. Tangu Januari 2022 serikali ya nchi hiyo imefuta ada katika shule zake za msingi na za sekondari, na mwaka 2025 ikaanza mtaala mpya unaobadilisha mpangilio wa madarasa. Hata hivyo mlango wa shule za bweni zenye sifa umebaki kuwa mwembamba. Mzazi wa Nchelenge anayeitazama shule ya wavulana ya St Clement's pale Mansa, au shule ya wasichana ya Mabel Shaw huko Mbereshi, anajua kwamba si yeye peke yake anayeitazama.

Ndugu wasikilizaji, pengine mtauliza: Je, mambo haya yanamhusu nini askari?

Yanamhusu sana. Kati ya chumba ambamo mtihani hutungwa na dawati ambalo mtoto huketi, pana safari ndefu, na katika safari hiyo pana askari. Bahasha zilizofungwa hulala katika vituo vya polisi. Husafiri katika magari na mashua zikiwa na askari pembeni. Siku ya mtihani askari husimama nje ya darasa, juani, akiulinda utulivu wa watoto asiowajua. Nchini Kenya, baada ya kuvuja kwa mitihani mwaka 2015, bodi ya baraza la mitihani ilivunjwa mwaka uliofuata, na mitihani ikawa inahifadhiwa katika makontena yanayolindwa na polisi wenye silaha usiku na mchana. Askari aliyelala macho wazi mbele ya kontena hilo alikuwa akilinda nini? Karatasi zenyewe hazina thamani sokoni. Alikuwa akilinda imani ya mzazi kwamba jasho la mwanawe litahesabiwa.

Imani hiyo ikivunjika, hasara yake humwangukia nani? Sisi Watanzania tunajua. Septemba 2018 mtihani wa darasa la saba ulivuja katika baadhi ya maeneo. Baraza la Mitihani likafuta matokeo ya shule zote za Halmashauri ya Chemba, mkoani Dodoma, pamoja na ya baadhi ya shule katika miji mingine, na watoto wakarudia mtihani tarehe 8 Oktoba mwaka huo. Baraza lilitenda lililopaswa kutendwa. Lakini tuwafikirie watoto ambao hawakuona wala kuibia swali hata moja. Nao walirudi darasani kuufanya upya mtihani waliokwisha kuufanya kwa haki. Watu wazima wachache walikula zabibu, na meno ya watoto ndiyo yaliyopata ganzi.

Wizi wa mtihani, basi, hauishii kwa yule aliyeuza na yule aliyenunua. Nafasi katika shule zinahesabika. Mtoto mmoja akiingia kwa dirisha, mtoto mwingine husukumwa nje ya mlango. Naye anayesukumwa huwa ni nani? Hawi mtoto wa mwenye fedha, maana huyo atatafuta shule nyingine. Hawi mtoto wa mwenye cheo, maana huyo atapiga simu. Atakuwa mtoto wa mvuvi wa Nchelenge, au mtoto wa mkimbizi wa Kenani, au mtoto wa koplo aliye lindo la mbali. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Haki ya mnyonge katika jambo hili imo ndani ya bahasha, nayo bahasha imo mikononi mwenu.

Tazameni hekima iliyomo katika mtihani wenyewe. Karatasi ya mtahiniwa hutambulishwa kwa namba. Haisemi baba yake ni nani, ametoka ng'ambo gani ya ziwa, au nyumbani wanakula mara ngapi kwa siku. Askari anaielewa hekima hiyo kuliko raia, kwa sababu naye ana namba yake, na katika gwaride namba ya mtoto wa tajiri haitangulii namba ya mtoto wa mkulima. Mzazi wa Kenani alipopewa namba ya ukimbizi, pengine aliona amepunguzwa utu. Mwanawe akipewa namba ya mtihani inayolindwa kwa uaminifu, namba hiyo humrudishia utu ule, kwa kuwa inamweka sawa na kila mtoto mwingine.

Hivyo basi, askari aliye mzazi naye anapaswa kujiangalia. Kwamba una shauku na mwanao si kosa; ni wajibu wako. Lakini nyota za begani hazikutengenezwa ziwe ngazi ya mtoto kupandia. Ofisa anayekwenda kwa mwalimu mkuu akiwa amevaa sare ili apewe nafasi ambayo matokeo hayakumpa, anaitumia sare ya umma kumnyang'anya mtoto wa umma.

Tukumbuke pia wale ambao hawapo tena kungoja. Mwezi Desemba 2017, mwaka ule ule ambao watu walikuwa wakimiminika Kenani, wanajeshi wa Tanzania wapatao 15 waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliuawa pale Semuliki, katika Kivu ya Kaskazini, upande mwingine wa Kongo hiyo hiyo. Waliacha watoto. Watoto hao hawana baba wa kupiga simu, wala kwenda kugonga mlango wa ofisi. Kama ilivyo kwa mtoto wa Kenani, tegemeo lao ni mzani ulio sawa. Askari anayelinda bahasha kwa uaminifu anawalinda yatima wa wenzake.

Halafu linabaki jambo la mwisho, nalo ni ile siku yenyewe ambayo matokeo hutoka. Wako watakaofurahi, na ni haki yao. Wako watakaokuta jina la mtoto halimo katika shule waliyoitamani. Hapo ndipo baadhi ya wazazi hugeuka mahakimu. Mtoto hutukanwa, hupigwa, na binti huanza kutafutiwa mume kabla ya sare yake ya shule kuchakaa. Mwalimu Nyerere alitahadharisha mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, kwamba shule ya msingi isifanywe kuwa matayarisho ya sekondari tu, hata wasiochaguliwa wakajiona hawafai kitu. Onyo lile halijazeeka. Mtihani hupima alichokiandika mtoto katika saa chache za siku chache. Haupimi subira yake, wala uaminifu wake, wala ufundi wa mikono yake. Ikiwa shule moja haikupatikana, iko nyingine ya kutwa, viko vyuo vya ufundi stadi, liko Jeshi la Kujenga Taifa ambalo tangu mwaka 1963 limewafunza vijana kazi na nidhamu. Zambia nayo, tangu mwaka 1997, imeweka utaratibu wa kumrudisha shuleni msichana aliyejifungua.

Kwa hiyo, ndugu wapiganaji na ndugu askari polisi, msimu wa mitihani utakapofika, na amri ikatolewa kwamba fulani na fulani watalinda karatasi za watoto, asitokee wa kusema amepewa kazi ndogo. Atakapokuwa amesimama penye mlango wa stoo usiku wa manane, ajue kwamba mahali fulani kando ya maji kuna mzazi aliyepoteza kila kitu isipokuwa mwana mwenye akili, naye analala kwa amani kidogo kwa sababu anaamini kwamba yuko askari macho. Mzazi huyo hataijua sura ya mlinzi wake, wala hatapata nafasi ya kumshukuru. Matokeo yatakapotangazwa, yawe mazuri au yawe mabaya, neno moja tu litamtuliza moyo: kwamba ni matokeo ya kweli.