Nguo Zisizomtosha Mtoto Tena: Mazungumzo kwa Akina Mama



Wahenga walinena ya kuwa akiba haiozi. Lakini mama afunguapo sanduku baada ya miaka mitano, huona ya kuwa neno hilo halikusudiwa nguo. Gauni la kwanza la binti yake limetobolewa na wadudu, na kaptura ya mwanawe imeota ukungu. Aliziweka kwa upendo, lakini upendo huo haukuzilinda.

Basi nguo zisipomtosha mtoto tena, yafaa zigawanywe mafungu mawili. Zilizo nzima apewe mdogo wake au mtoto wa jirani, maana nguo ivaliwayo ni bora kuliko nguo iliyofichwa. Zilizochakaa, pamoja na ile moja ambayo mama hawezi kuachana nayo, zishonwe ziwe kitu kipya cha ukumbusho: foronya, mdoli, au blanketi la viraka.

Kazi ya blanketi ni hii. Kwanza nguo zifuliwe, zikauke, zipigwe pasi. Mishono ya zamani ifumuliwe polepole, ili kitambaa kisipotee bure. Kisha ikatwe karatasi ngumu ya mraba, inchi 6 kila upande, iwe kipimo cha viraka vyote. Mkasi ufuate uzi wa kitambaa, kwa kuwa kikikatwa mshazari huvutika, na blanketi hupindika. Kitambaa cha fulana, ambacho hunyumbuka, kishikizwe kwanza juu ya kitambaa kisichovutika.

Mshono ukiachiwa nusu inchi kila upande, viraka 48 katika safu 8 za viraka 6 hutoa blanketi la inchi 30 kwa 40, limtoshalo mtoto aliyekwisha kuanza kutembea. Leso kuukuu yafaa kuwa bitana. Mfuko wa shati au ua lililotariziwa liachwe katikati ya kiraka, maana hapo ndipo penye kumbukumbu. Lakini mdoli wa mtoto mchanga usitiwe vifungo: aweza kuking'oa kimoja na kukimeza.

Ufundi huu si wa nguo za watoto tu, nao umewaliwaza wenye huzuni. Katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama, Marekani, wanawake wenye asili ya Kiafrika, wazao wa watumwa, walishona mablanketi ya viraka kwa sababu ya baridi na umaskini. Mwaka 1942 Missouri Pettway, mjane, alizichukua nguo za shamba za marehemu mumewe, akazishona blanketi la kujifunika na la kumkumbukia. Binti yake Arlonzia alimsaidia. Madoa ya kazi na mahali palipopauka hakuyaficha. Mwaka 2002 mablanketi ya kijiji hicho yalionyeshwa katika jumba la sanaa mjini Houston, na watu wengi wakayastaajabia.

Mwisho, mama asisahau kutarizi pembeni jina la mtoto na mwaka. Macho husahau upesi nguo ilikuwa ya nani. Na siku mtoto huyo, akiwa mtu mzima, atakapouliza alikuwa mkubwa kiasi gani alipoanza kutembea, mama hatahitaji maneno mengi. Atalikunjua blanketi, aweke kidole juu ya kiraka kimoja.