Hesabu ya Vijana Wetu

Somo: Hesabu 1:17–46 na 26:1–51

Popote mlipo, jikoni, dukani au njiani kwenda shambani, twawaomba mwe pamoja nasi kwa dakika chache. Wenye Biblia karibu wafungue kitabu cha Hesabu. Wengi hukiruka kitabu hiki upesi kwa sababu kimejaa majina na tarakimu. Lakini leo tarakimu hizo zina neno kwetu juu ya vijana wetu.

Katika sura ya kwanza Musa aliamriwa awahesabu wanaume wa Israeli, kabila kwa kabila, kuanzia umri wa miaka ishirini. Jumla ilikuwa 603,550. Miaka karibu arobaini ikapita jangwani. Katika sura ya 26 watu wakahesabiwa tena, na jumla ikawa 601,730. Mtu akitazama jumla hizo mbili tu, atasema hakuna jambo kubwa lililotukia. Lakini tuitazame nyumba ya Simeoni. Mara ya kwanza walikuwa 59,300. Mara ya pili ni 22,200. Zaidi ya nusu hawapo! Wakati huohuo kabila la Manase lilikuwa limeongezeka kutoka 32,200 hadi 52,700. Basi wingi wa Manase ulisaidia kufunika pengo la Simeoni.

Ndugu wapendwa, jumla yaweza kupendeza macho, kumbe nyumba moja inalia. Ndiyo maana yatupasa tuhesabu nyumba kwa nyumba, na rika kwa rika.

Tuje sasa katika nchi yetu. Hesabu ya watu ya mwaka 1989 ilionyesha kwamba Kenya ina watu zaidi ya milioni 21. Ile ya 1999 ilionyesha zaidi ya milioni 28. Kwa jumla hiyo mtu angesema tunasitawi. Lakini ndani ya miaka hiyo kumi msiba mkubwa ulikuwa umeingia. Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Mnamo Novemba 1999 Rais Moi alitangaza kwamba Ukimwi ni janga la taifa. Kati ya miaka hiyo miwili, makaburi mengi yalichimbwa kwa ajili ya watu ambao hawakuwa wazee.

Kwa kawaida kifo hubisha hodi zaidi katika milango miwili: mlango wa mtoto mchanga na mlango wa mzee. Katikati, wakati mwili una nguvu, vifo huwa vichache. Ukimwi uliigeuza desturi hiyo. Uliwachukua zaidi watu wa miaka ishirini na kitu, thelathini na kitu: mwalimu, fundi, mama mwenye watoto wadogo. Waliobaki nyumbani ni nyanya na wajukuu. Makisio ya miaka ambayo Mkenya angetazamia kuishi yalikuwa yamekaribia 60 katikati ya miaka ya 1980. Ilipofika mwaka 2000 yalikuwa yameshuka hadi hamsini na kidogo tu.

Tena si kila mahali palipigwa sawasawa. Mwaka 2003 watu wazima wapatao 7 katika kila 100 nchini walikutwa na virusi. Katika Nyanza walikuwa 15. Nyanza ilikuwa na pengo lake, kama Simeoni. Hatusemi hivyo ili kumlaumu mtu. Wanafunzi walipotafuta wa kulaumiwa kwa sababu ya yule kipofu wa Yohana sura ya 9, Bwana Yesu hakuwapa. Alimgeukia kipofu mwenyewe na kumponya.

Je, ilikuwa mara ya kwanza vijana wetu kuangushwa hivyo? Hapana. Katika vita vya 1914 hadi 1918, vijana wa Afrika Mashariki walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Makumi ya maelfu hawakurudi, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa maradhi na chakula kibaya. Jina la Kariokor jijini Nairobi ni ukumbusho wa jeshi lile la wapagazi. Kabla watu hawajafuta machozi, homa kali ya mafua ya mwaka 1918 ikaenea ulimwenguni, nayo ikaua kwa namna ya ajabu watu wenye umri wa miaka ishirini hadi arobaini.

Pengine msikilizaji atauliza, “Tutajuaje kama hali ni mbaya kuliko zamani au ni afadhali?” Mara nyingi twasikia kwenye matanga, “Siku hizi tunazika vijana wengi kuliko wakati wa babu zetu.” Huenda ni kweli, huenda si kweli. Mwaka 1979 Wakenya walikuwa milioni 15. Mwaka 2019 walikuwa zaidi ya milioni 47. Watu wakiwa wengi, mazishi nayo huwa mengi. Tuseme zamani kata moja ilikuwa na vijana 1,000, na kwa mwaka wakafa 10. Leo vijana ni 3,000, na kwa mwaka wanakufa 15. Mazishi yameongezeka, lakini kifo kimepungua: kutoka vijana 10 katika kila elfu hadi 5. Kwa hiyo si haki kulinganisha makaburi peke yake. Tuyalinganishe na walio hai.

Na kwa kuwa watu wengi walizikwa vijijini bila cheti cha kifo, wachunguzi wa serikali walitafuta njia nyingine. Tangu uchunguzi wa afya wa mwaka 1998, walikwenda nyumba kwa nyumba wakiwauliza akina mama: “Mlizaliwa wangapi tumbo moja? Ni nani aliyefariki? Alikuwa na umri gani? Kama ni dada, je, alikuwa mjamzito, au alikuwa akijifungua?” Hebu tufikirie dada yule aliyeketi mlangoni akiwataja ndugu zake mmoja mmoja. Kutokana na majibu kama yake ilijulikana kwamba akina mama 590 walikuwa wakifa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Uchunguzi wa mwaka 2014 ulionyesha 362. Bado ni wengi mno, lakini tofauti hiyo ni mama walio hai leo.

Wapendwa, habari njema ni hii: vifo vya vijana vyaweza kupungua, na kweli vimepungua. Dawa za kupunguza makali ya Ukimwi zilianza kuenea katika hospitali za serikali, na mwaka 2006 malipo yake yakaondolewa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Ukimwi ulikuwa ukiua Wakenya zaidi ya laki moja kila mwaka. Miaka ya karibuni ni karibu 20,000. Hesabu ya watu ya 2019 ilionyesha kwamba mwanamume aweza kutazamia kuishi miaka 60 na zaidi, na mwanamke miaka 66. Maombi yalikuwapo, na pamoja na maombi walikuwapo wauguzi, madaktari, na watu waliokubali kupimwa na kusema hadharani wakati ambapo matangazo ya mazishi yalisema tu, “baada ya kuugua kwa muda mfupi.” Mahali msiba ulipopewa jina, msaada uliweza kuingia.

Lakini tusilale. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba ulimwenguni kote ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuwaua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Hapa kwetu, mwaka 2004, Waziri John Michuki alisimamia sheria za mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo katika matatu. Wengi wetu twakumbuka jinsi barabara zilivyotulia, na jinsi mikanda ile ilivyoanza kuchakaa bila kufungwa. Mwaka 2024 watu 4,748 walikufa katika barabara za Kenya. Wengi walikuwa wakitembea kwa miguu, na wengine wengi walikuwa juu ya pikipiki. Kijana wa bodaboda asiye na kofia ngumu kichwani ni mwana wa mtu, na pengine ni mwimbaji katika kwaya yetu.

Basi tufanye nini? Kila ushirika una kitabu cha mazishi. Wazee wa kanisa na wakifungue. Wawahesabu waliozikwa miaka kumi iliyopita, wenye umri wa miaka 15 hadi 40. Waandike kilichowaua, kwa kadiri kinavyojulikana, bila kumwaibisha mtu. Kisha walinganishe na miaka kumi ya kabla yake, wakikumbuka vijana walikuwa wangapi wakati ule na wangapi sasa. Wakiona ni barabara, wamwendee chifu na waendeshaji. Wakiona ni uzazi, waende kliniki. Wakiona ni ugonjwa unaonong'onwa tu, waseme kwa upole na kwa ukweli.

Bwana Yesu alipokaribia lango la Naini alikutana na maiti ya kijana, mwana wa pekee wa mama mjane. Watu wengi walikuwa wakifuata jeneza. Yeye alimwona mama, akalisimamisha jeneza. Nasi tuhesabu kwa moyo huo, tukijua kwamba nyuma ya kila tarakimu yuko mama anayetembea.

Tuombe. Bwana, uliyewajua wana wa Simeoni hata walipopungua, utufundishe kuwaona vijana wetu kabla hatujawazika. Uwafariji waliofiwa. Uwape nguvu wanaotibu, wanaoendesha na wanaolea yatima. Amina.

Kwaherini, wapendwa, na Mungu awabariki.