Kuhamisha Mafaili Bila Kuyapoteza
Msikilizaji, leo nasema hasa na wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT hapa Nyegezi wanaotumia Linux. Ukihamisha faili kwa amri ya mv ndani ya sehemu ileile ya diski, data haisogei. Anwani ya faili kwenye folda tu ndiyo hubadilika. Kwenda sehemu nyingine ni kazi tofauti kabisa: kompyuta hunakili, kisha hufuta la asili. Umeme ukikatika katikati, kazi yako inaweza kubaki nusu huku, nusu kule. Tasnifu ya mwaka mzima haistahili hatari hiyo! Pima nafasi kwa amri ya df, nakili kwa amri ya rsync, hakiki kuwa nakala zinafunguka, ndipo ufute mafaili ya asili. Na tafadhali, weka nakala nyingine nje ya kompyuta: diski ikifa, sehemu zake zote hufa pamoja.