Kurudi Hewani



Leo tunawaomba mfuatane nasi hadi uwanjani wanakofunzwa marubani. Mojawapo ya ndege ndogo za mafunzo zilizoenea sana ni Cessna 152, iliyoundwa kati ya mwaka 1977 na 1985. Ina viti viwili tu na magurudumu matatu. Mawili ya nyuma ndiyo yabebayo kishindo cha kutua. Lile la mbele ni dhaifu.

Tumtazame basi mwanafunzi anayetua peke yake, kiti cha mkufunzi kitupu. Amekuja kwa mwendo mkubwa kuliko upasao. Magurudumu yanagusa ardhi, ndege inadunda na kurudi juu. Hapo kosa ni dogo, na ndege ingali nzima. Lakini kwa fadhaa anausukuma usukani mbele, ailazimishe ndege kushuka. Pua inainama, gurudumu la mbele linatangulia kupiga chini, na ndege inadunda juu zaidi. Anavuta, anasukuma tena, kila mara akichelewa, na kila mdundo ukizidi uliotangulia. Haupiti muda, gurudumu lile huvunjika na rafadha ikajipiga ardhini.

Dawa yake hufundishwa mapema: ongeza nguvu ya injini, rudi hewani, zunguka uwanja, uje utue upya. Ni kazi ya dakika chache. Mbona basi wengine hawaifanyi? Wengine hushikwa na hofu. Wengine huona haya, kwa kuwa chini wapo watazamao, na kurudi juu ni kukiri mbele yao kwamba kutua kumeharibika.

Ndugu wasikilizaji, wanafunzi hao ndio sisi. Tunatamka neno kali nyumbani. Badala ya kuomba radhi, tunaongeza la pili kulitetea la kwanza, na la tatu kulitetea la pili. Nyumba haikuvunjwa na neno la kwanza. Imevunjwa na ukaidi wetu wa kulilazimisha liwe haki.

Wahenga walinena kwamba kujikwaa si kuanguka. Toba ndiyo kurudi hewani kwetu, wala haina fedheha. Bila shaka yupo mtu ambaye kila mmoja wetu anapaswa kumwendea kabla Jumapili hii haijaisha, amwambie, "Nilikosa, tuanze upya." Mwenyezi Mungu atujalie moyo wa kulisema neno hilo mapema, gurudumu lingali zima.